Dawa ya Tumbo Lisilouma

Mdogo wangu Amani,

Huku Kasha ukungu wa ziwa unapanda hadi mlangoni kila asubuhi, na nyumba yetu inakuwa kama inaelea. Bibi yetu Koko yuko mzima. Umeuliza kwa nini anameza dawa ya tumbo wakati tumbo lake haliumi.

Mwaka jana daktari alimpa dawa mbili: moja ya moyo, inayozuia damu isigande, na nyingine ya kupunguza asidi, ili ile ya kwanza isije ikalitoa tumbo damu. Hiyo ya pili Koko aliwagawia akina mama wa shirika la kanisa wenye kiungulia.

“Tumbo yangu haiume,” alisema. “Niwanyime juu ya nini?”

Nilikuwa nimesoma karatasi ya daktari, lakini niliona haya kumfundisha muzee. Nilinyamaza hadi choo chake kikawa cheusi kama makaa kwa damu ya tumboni, akaanguka jikoni.

Aliporudi kutoka hospitali, jirani mmoja wa akina mama hao alikuja. “Koko, unipe tena kale kadawa.”

Nilitangulia kumjibu. “Maman, hii ni ya Koko peke yake.”

Koko alinitazama kama mtu anayesikiliza wimbo kutoka ng’ambo ya ziwa.

“Kumbe huyu mutoto iko na sauti,” akasema, akameza kidonge chake.

Dada yako,
Furaha