Chembe za Kaka Zinamulikwa

Jumatatu, 4 Machi
Kiwiko bado hakikunjiki vizuri. Saratani ya damu ilishaondoka, wanasema. Sasa kinachonikakamaza ngozi ni uboho wa mifupa alionipa kaka kuitibu – chembe zake za kinga zimeniona mimi ndiye mgeni. Ndani ya mwili wangu! Daktari kasema bila kupepesa macho: ngozi isipolegea mwisho wa mwezi, mashine ya kuchuja damu basi, turudi kwenye vidonge. Vile vya kunivimbisha uso na kuniacha sina kinga hata ya mafua. Na vidole vikikaza zaidi, cherehani nampa nani?

Jumanne, 5 Machi
Imeshindikana. Kawaida mashine inavuta damu, inachuja chembe nyeupe, inazitia dawa, inazimulika kwa taa, inazirudisha. Leo imegoma kuchuja. Nesi kanyanyua mfuko – maji ya damu meupe kama maziwa! Umekula nini? Mayai ya kukaanga, na viazi. Basi, mafuta yote hayo yameingia kwenye damu, mashine haioni pa kutenganisha. Nikarudishwa nyumbani.
Mpishi ni kaka. Tangu chembe zake zianze kunisumbua amehamia jikoni kwangu, na anachojua ni kukaanga.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwambia. Kanuna kutwa. Jioni katoa tamko: Jumatatu tunaenda wote, wamweleze yeye mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una sindano. Nimekula mkate mkavu. Damu imechujika, taa inawaka. Kaka yuko kando yangu na shati lake la mtoko, anamhoji nesi. Zikimulikwa zinakufa papo hapo? Hapana – zinarudi mwilini zimeshaharibika kwa ndani, zinakufa taratibu siku mbili tatu. Mwili unazizoa, na zilizobaki zinapoa. Hata kuna saratani ya ngozi ambayo chembe zake huuawa hivihivi.
"Sasa hizi ni za nani?"
"Zako, kaka. Aliyezaliwa nazo ni wewe, si yeye."
Kautazama mfuko chini ya taa.
"Mnaziua zote?"
"Kidogo tu kila safari."
Nimemwonea huruma. Miezi yote hii nilikuwa najionea mwenyewe.
"Ziueni," kasema. "Akipungukiwa, mimi nipo."
Anakunja mkono wa shati. Nesi anamwambia ashushe, leo hatolewi mtu kitu. Hashushi.