Magurudumu Chini ya Dirisha la Eda

Utange, Kisauni
Juni 1961

Kwa kaka yangu mpenzi Mwidani,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Tanga, pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mimi nimo ndani, nala, nalala, naswali. Watu wakiniuliza hali nasema njema, na wallahi sioni kama naongopa. Sisikii kitu moyoni.

Barua yako imefika. Umesema eda ikiisha utakuja kunichukua, na kwamba pikapu ya marehemu umeshaipatia mnunuzi. Mungu akulipe kwa kunijali. Lakini kwanza nikupe habari za magurudumu, maana siku hizi ndiyo habari niliyo nayo.

Ulipokuja mazikoni hukusimuliwa mambo yalivyokuwa. Mume wangu Mbwana alipozidiwa na tumbo, ndugu yake Tsuma alimlaza nyuma ya pikapu ampeleke hospitali. Kwenye ule mchanga wa bondeni, kabla ya kufika barabara kubwa, gari ilizama. Tairi zilikuwa nyembamba, tena zimekwisha. Walipoinasua, Mbwana alikuwa ameshakata roho. Nayaandika haya kama naandika hesabu ya nazi.

Basi mwezi huu nikamtaka Tsuma atafute magurudumu mengine. Yeye ni shemeji, sionani naye nikiwa edani, kwa hiyo mama mkwe, Bi Mwanabibi, hukaa mlangoni akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Tsuma akamleta Mutua, fundi wa Changamwe, na rimu na tairi za namna tatu. Wakaziegemeza ukutani chini ya dirisha langu, wao wakaenda kusimama nyuma ya nyumba. Bi Mwanabibi akasema hao ndio wachumba pekee wanaoruhusiwa dirishani kwa mwenye eda, nichague nisione haya. Nilijua pale ni pa kucheka, nikacheka.

Za kwanza zilikuwa nyembamba kama zile za zamani, nzuri kwa lami. Za pili za lori, pana mno, zingemshinda Tsuma kwenye usukani. Za tatu zilitoka kwenye gari la jeshi, pana kiasi, meno yake yangali mazima. Nikachagua hizo. Mutua akaleta neno kwamba zitasuguana na springi gari ikikata kona, ila atachonga visahani vya chuma, unene wa kidole gumba, avitie nyuma ya kila gurudumu lisogee nje. Tsuma akahofu gurudumu litachomoka. Nikapeleka neno kwamba bolti nazo zibadilishwe, zitiwe ndefu, maana nati ikishika ncha tu haikushika. Hayo nilikuwa nikimsikia Mbwana akiyasema tukila. Bi Mwanabibi akaongeza la kwake, kwamba wakikosea atawafunga wao badala ya gurudumu.

Juzi Tsuma aliijaribu gari, amepunguza upepo wa tairi kidogo na kupakia nazi. Ikapita pale bondeni bila kusimama. Aliporudi akapiga honi nje, nami nikajikuta nimeushika ukuta.

Sasa kaka, usije kunichukua, na mnunuzi umwombe radhi. Eda yangu si ya miezi minne na siku kumi. Nina mimba ya Mbwana. Yeye hakuijua, mimi mwenyewe nimeijua nikiwa humu ndani. Eda yangu itaisha nitakapojifungua, na uchungu ukinishika, njia ya hospitali ni ile ile ya mchanga. Naogopa, kaka. Tangu mazikoni sijasikia kitu, na cha kwanza kunirudia ni woga.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Bi Mwanabibi anakusalimu sana. Hili analijua yeye peke yake. Tsuma naye anakusalimu, ingawa hajui bado kwa nini nilimsumbua hivyo kwa magurudumu. Nimemwomba tu kila akiegesha, pikapu ielekee njia.

Ni mimi nduguyo,
Mwanasaumu