Mwite Kwanza

Mjukuu wangu Amoit,

Natumai baridi ya Eldoret haijakushinda. Hapa Chakol tuko salama. Mjomba wako amevuna mtama, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza sheria ya kulinda makaburi ya zamani iseme nini, maana barabara inapanuliwa na vigingi vya wapima ardhi vimefika kwa wafu wetu. Majirani wanataka iseme kaburi lisiguswe kamwe. Mimi sikubali.

Nilipokuwa msichana, sisi Wateso tuliwafukua wafu wetu wenyewe. Mtu akishakaa ardhini miaka mingi, wazee walisema amechoka na joto la huko chini. Jamaa walikusanyika, wakaitoa mifupa, wakailaza mahali penye hewa. Siku ya nyanya yangu, nilinyoosha mikono nipokee mfupa. Shangazi akanizuia.

"Mwite kwanza."

Nikamwita, "Akisa." Ndipo akanipa. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Watu wa kaunti wakija kukusanya maoni, nitasimama niwaambie kwamba kuhamishwa si aibu. Lakini jembe lisiguse kaburi kabla mtu wa boma hilo hajaja kumtaja aliyelala ndani. Sheria ikinyamaza hapo, ni karatasi tu.

Kaburi lililo karibu na kigingi ni la babu yako. Kando yake kuna jingine dogo, halina msalaba. Huyo ni Akiru, mtoto wangu wa kwanza. Sasa tunaolijua jina lake tuko wawili.

Nyanya yako