Siku Nilipojenga Lunokhod

Kibabi, Jumapili, baada ya misa

Kwako Dada Verdiane,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, wewe na bwana yako Edmond na watoto wote wa hapo Bweremana. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba ule mugongo uliokuwa unakusumbua wakati wa kupakia samaki umepoa kidogo. Sisi huku tuko. Mama anakula kidogo, analala kidogo, muchana anakaa mulangoni anaangalia barabara. Maharagwe tulichelewa kupanda, na mvua imechukua sehemu yote ya chini. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu maneno haya siwezi kuyasema kwa téléphone. Mama Adelaïde anashuka kesho na viazi vyake, atakupa mukononi.

Umekuwa ukiniuliza ndugu yetu Yves alikufa namna gani hasa, na mimi nakujibu ni accident ya moto, kwamba pikipiki yake ilimuangusha. Njo vile nilivyomwambia Mama pia. Si kweli, dada. Naomba ukae chini kwanza, kisha uendelee kusoma.

Unaijua ile kazi yangu ya ordinateur ya parokia. Padri alinikubalia kuitumia hiyo kompyuta baada ya masomo, na humo nilipata programu ya kuchora vitu kwa vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyoshikana kimoja juu ya kingine. Kuko watu wengi duniani, watu wazima kama mimi, wanaochora hivyo vyombo vya kweli vilivyotumwa angani. Wanapeana plan, ile michoro ya kujengea, kila mutu anajenga kwake. Mimi nilichora Lunokhod, gari lisilo na dereva ambalo Warusi walilipeleka mwezini zamani, kabla sisi hatujazaliwa. Ulipoona picha yake, ile beseni yenye kifuniko juu ya magurudumu manane, ulisema hiyo iko sufuria ya kupikia sombe imepata miguu. Yves alicheka mpaka akakaa chini.

Watu walipenda plan yangu. Mwalimu mumoja wa Pologne, muzee tayari, aliijenga na wanafunzi wake, na alishangaa kusikia kwamba mimi mwenyewe sijawahi kushika kitofali hata kimoja. Basi akakusanya vipande vyote, akavitia katika katoni pamoja na plan iliyochapishwa kwa rangi, akanitumia. Katoni ilipitia Kigali, ikafika Goma, na lori la Papa Mumbere, yule mufanyabiashara wa Butembo, likaifikisha kwenye duka lake la Masisi. Mimi nilikuwa na mitihani ya wanafunzi. Yves akasema ataichukua kwa moto yake, kwani kule njo alikuwa anapeleka abiria kila siku.

Unakumbuka siku zile drone, zile ndege zisizo na rubani, zilikuwa zinapita juu ya vilima vyetu, na kila mutu alikuwa anatembea akiangalia juu. Kwenye barrière, pale wanapofunga barabara, wale wenye silaha walifungua katoni. Walikuta vipande vingi vya rangi ya chuma, na karatasi zinazoonyesha mashine yenye antene na kamera. Wakamuuliza Yves ni nini. Akajibu ni gari la kwenda mwezini. Walidhani anawachezea.

Trésor, mwenzake wa kazi ya moto aliyekuwa anamufuata nyuma na moto yake, njo alikuja kuniita shuleni. Nilipanda naye hapo hapo, chaki ingali mukononi.

Komanda wao ni kijana kuliko mimi, na ana sauti ya upole. Alinipa kiti. Nilimueleza yote: plan, ordinateur ya padri, muzee wa Pologne. Alisikiliza bila kunikata, kisha akasema, “Mwalimu, kama iko kitu cha watoto, kijenge hapa nione. Ukimaliza utamuona ndugu yako.”

Nilimuuliza Yves yuko wapi. Alinionyesha nyumba ya mabati kule nyuma, akasema anapumzika.

Walinitolea meza nje, wakamwaga vipande juu yake. Nilianza kuvitenga kimoja kimoja. Kisha kipande kimoja kikashika kingine, na kile kimulio chake nilikisikia mpaka ndani ya mifupa. Plan nilikuwa naijua kwa kichwa. Askari wakaja kutazama. Mumoja aliniokotea gurudumu lililoanguka kwenye majani, akalifuta kwa shati lake. Mwingine aliuliza gari hilo lilikuwa linakunywa mafuta gani. Nilimueleza kwamba mafuta yake yalikuwa jua, kwamba kifuniko kilifunguliwa muchana kupata nguvu, na usiku wa mwezi, ambao unachukua kama wiki mbili, kilifungwa ili gari lisigande. Walinyamaza kama darasa langu linavyonyamaza siku nzuri. Lakini kadiri Lunokhod ilivyokamilika, ilizidi kufanana na mashine ya kweli, na niliogopa kwamba kujenga vizuri njo kutatuua.

Nilipoweka antene, komanda alikuja akaisukuma kwa kidole. Magurudumu yakazunguka. Alitabasamu, akasema kweli iko ya watoto, na binti yake ataipenda. Kisha akaamuru nipelekwe kwa ndugu yangu.

Yves alikuwa chini kwenye udongo, amefunikwa na koti lake la moto lenye damu. Nilimushika mukono, haukukunjika. Dada, mimi nafundisha sayansi. Mwili haukauki hivyo mara moja. Alikuwa amekwisha kufa mimi sijafika, na wote waliozunguka meza yangu walijua. Yule aliyenifutia gurudumu alijua.

Trésor aliendesha, mimi nilikaa nyuma, na Yves katikati yetu kama abiria. Mama alipotuona tunaingia na moto na ile damu, alisema mwenyewe, “Ameanguka.” Sisi tulinyamaza, na neno lake likabaki.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamwambia hata padri. Pale kwenye meza nilifurahi. Si mwanzoni, mwanzoni niliogopa. Lakini ilifika saa nikamusahau Yves. Nilisahau kabisa kilichonileta pale. Nilitaka kuona kitu kimoja tu, kama kifuniko nilichokichora kitafunguka vile nilivyofikiri. Kikafunguka. Nikacheka kwa sauti, na wao wakacheka pamoja nami, naye ndugu yetu amelala pale nyuma ya mabati. Nikisali, njo kile kicheko nakisikia. Mungu akinisamehe, sijui mimi nitakipeleka wapi.

Jana komanda alituma mutu hapa nyumbani. Binti yake ameangusha lile gari, magurudumu yametoka, mutoto analia. Mwalimu aende Jumanne kulitengeneza. Yule mutu aliongea kwa heshima, hata alimuletea Mama sukari. Mama alimushukuru, akaweka mukono juu ya kichwa chake, akamubariki. Mimi nilisimama pale nikaitikia amina.

Nitakwenda. Nikikataa, watakuja hapa, na hapa kuko Mama na wale watoto wa Yves. Wale wenye silaha siwaogopi sana tena. Naogopa mikono yangu, isije ikafurahi tena.

Mama usimwambie kitu, muache na accident yake. Munisalimie Edmond, na wale wadogo uwakumbatie kwa ajili yangu. Barabara ikifunguka, uje ukae na Mama hata wiki moja, kwa sababu mimi nikikaa karibu naye siwezi kumuangalia usoni. Utuombee, dada, na umuombee Yves kwa jina lake.

Nabaki mudogo wako,

Evode Hakorimana