Mistari Miwili Yako, Miwili Yangu

Nyumba ya Wanovisi, Ufipa
11 Februari 2024

Kwako pacha wangu Ng'washi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua wewe si mtu wa kuitikia, lakini huku ndivyo tunavyoanza na kalamu imeshazoea. Hujambo? Mama Vestina na mafundi wenzako hawajambo? Wazee wako Kasokola wanaendeleaje, mahindi yamesimama? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku si ya mchezo. Asubuhi mtu anatoa mvuke mdomoni kama sufuria.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu tulikabidhi siku ya kwanza. Barua tunaruhusiwa, na mlezi wetu, Sista Emerensiana, hazisomi. Nilimuuliza.

Nilidhani nitakachokikumbuka sana ni samaki wa mama au kelele za mtaa wetu wa Kawajense. Kumbe ni gemu. Jana kwenye sala ya asubuhi mwenzangu aliniminya mkono. Nilikuwa napiga vidole kwenye benchi, mkono wa kulia tu. Baada ya chai Sista Emerensiana akaniita.

"Specioza, unapiga nini pale?"

Nikamweleza yote. Kwamba kuna gemu ya simu, wimbo unapiga na vigae vinashuka kwenye mistari minne, na kila kigae lazima ukiguse kwa mapigo yake. Ukikosa kimoja, wimbo unakatika. Kwamba nina rafiki tuliyecheza naye kwenye simu moja miaka minne, yeye mistari miwili ya kushoto, mimi miwili ya kulia, mpaka watu wa Shanwe wakatuita pacha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na mlikuwa mnashinda?"

"Tulikuwa tunashinda, Sista."

"Basi mkumbuke kwenye sala. Mkono uweke mfukoni."

Niambie unacheza na nani sasa.

Ni mimi pacha wako,
Specioza

*

Shanwe, Mpanda
3 Machi 2024

Specioza pacha,

Nilianza na "mambo vipi" nikafuta, sijui kama sista mtarajiwa anasalimiwa hivyo. Basi habari za huko, na baridi? Sisi tunaendelea. Mvua zimenyesha vizuri, ng'ombe wa baba wamenenepa, na mayu, mama yangu, anakusalimu. Anauliza kama huko mnapewa maziwa. Mama Vestina naye hajambo, ila tangu shule zifunguliwe sare zimejaa mpaka mlangoni, tunashona hatuinui kichwa.

Umeuliza nacheza na nani. Nilijaribu na Gideon wa duka la pembeni, mara mbili. Hasikilizi wimbo, anakodolea macho tu, kigae kikifika chini ndipo anashtuka. Wewe ulikuwa unakisikia kabla hakijaonekana. Nikamshukuru, nikampa mkono aendelee na shughuli zake.

Sasa nacheza peke yangu kwa mikono miwili. Wateja wakipungua mchana naegemeza simu kwenye cherehani. Mkono wa kushoto uko vilevile, wa kulia ndio mjinga. Ukichelewa nakusikia kabisa ukiguna pembeni, ule mguno wako wa puani. Juzi niligeuka. Mama Vestina akasema, "Umegeukia nani?" Nikamwambia nimegeukia nzi.

Sikulaumu kwa kwenda, nyie mmeitwa na Mungu na mimi sijui anavyoita. Nakwambia tu kwamba benchi limekuwa refu.

Pacha wako,
Ng'washi

*

Nyumba ya Wanovisi, Ufipa
2 Juni 2024

Pacha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima, wewe na wote wa hapo kwa Mama Vestina.

Nilikuandikia Pasaka, hukujibu. Nikangoja Aprili, nikangoja Mei. Upendo, mnovisi ninayelala naye chumba kimoja, anapata barua tatu kwa mpigo na ananisomea zote, ng'ombe wa kwao nawajua kwa majina.

Kama nimekukosea niambie. Kama una kazi nyingi, andika hata mstari mmoja. Nadhiri zangu za kwanza ni tarehe 15 Agosti. Nilitaka ujue kutoka kwangu.

Specioza

*

Kasokola
7 Julai 2024

Kwako Specioza pacha wangu,

Salamu nyingi. Usikasirike, sijakusahau. Kwanza kaa chini.

Barua ya Pasaka ilifika nikaiweka kwenye droo ya cherehani nijibu Jumapili, na Jumapili zikawa zinapita. Hilo ni kosa langu. Halafu tarehe kumi na tatu Mei, Jumatatu, nikiwa nakata kitambaa, kichwa kikaanza kuuma na shingo ikakakamaa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mkono wa Mama Vestina kwenye mgongo wangu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wananiambia nilikaa siku tisa sijitambui, na mayu aliketi chini pembeni ya kitanda siku zote tisa.

Nilipoamka niliona watu wanaongea polepole. Nikadhani wananihurumia, wananong'ona. Nilikuwa na usingizi mwingi, sikufikiri zaidi. Siku ya tatu mayu akanipa simu yangu nijiliwaze. Nikafungua gemu, ule wimbo wa kinanda tunaoanzaga nao. Vigae vikashuka, lakini wimbo haukuwepo. Nikasema simu imeharibika, imeanguka wakati wananibeba. Nikaongeza sauti, nikaongeza mpaka mwisho, nikaiweka sikioni.

Ndipo nikaona wodi nzima imegeuka inaniangalia. Bibi wa kitanda cha jirani alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Nesi Lucia akaja haraka, akaniangalia usoni. Akachukua simu mkononi mwangu taratibu, akaizima, akakaa kitandani kwangu. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Daktari ameandika kwenye karatasi kwamba mishipa ya masikio imeharibika na haitarudi. Naongea kama kawaida, ila mayu anasema napiga kelele. Nipo nyumbani kwa wazee mpaka nipate nguvu, maana nikisimama nayumba kama mlevi.

Kichwani mwangu nyimbo zote bado zinapiga. Sauti yako pia ipo. Ila naogopa, Specioza, kwa sababu sauti ya Mama Vestina imeanza kupotea, na yeye namwona kila wiki.

Pacha wako,
Ng'washi

*

Nyumba ya Wanovisi, Ufipa
21 Julai 2024

Pacha wangu,

Pole. Pole sana. Pole kwa wazee wako pia, na kwa mayu aliyekaa chini siku tisa.

Nilikwenda kwa Sista Emerensiana na barua yako mkononi, nikamwambia nataka kurudi Mpanda. Akasema, "Kwa likizo, au moja kwa moja?" Nikasema moja kwa moja. Akasema likizo ipo baada ya nadhiri, mwezi wa tisa. Mlango nao uko wazi, hakuna anayefungiwa. "Lakini ukitoka, utoke kwa sababu hutaki kukaa hapa. Ukitoka kwa kulia, rafiki yako ndiye atakayebeba mzigo huo."

Sijui la kufanya. Niambie neno moja na nitapanda basi.

Specioza wako

*

Kasokola
1 Agosti 2024

Pacha, habari za siku. Mimi naendelea vizuri, nimeanza kutembea mpaka kisimani bila kushikwa.

Usitoke. Nimepoteza masikio, sitaki kupoteza na sista. Ukikaa hapa pembeni yangu kwa huruma nitaiona usoni mwako kila siku, maana siku hizi kazi yangu ni kuangalia nyuso za watu.

Weka nadhiri zako. Halafu njoo Septemba ucheze.

Ng'washi

*

Shanwe, Mpanda
22 Septemba 2024

Kwako Sista Specioza, pacha wangu,

Hujambo? Ulifika salama? Njia ya huko ni mbaya, nilikufikiria siku nzima. Mimi mzima, nimerudi kazini kabisa. Cherehani siisikii lakini naihisi miguuni, na Mama Vestina anasema mishono yangu imenyooka kuliko zamani.

Zile siku tatu zimekwisha haraka mno. Bado nacheka nikikumbuka ulivyoingia na shela yako nyeupe, wateja wakasimama kukupisha, na wewe ukaja moja kwa moja kukaa kwenye benchi ukaninyang'anya simu. Gideon alikuja kuchungulia mlangoni, nikaona mdomo wake, "Sista anacheza gemu." Na ulivyocheza vibaya. Mimi niliyekuwa naogopa nitakuaibisha, nimejifunza wiki nane kwa macho peke yake, na wewe mwenye masikio mawili ulikuwa unaachia kigae baada ya kigae. Wimbo ulikatika mara ngapi? Mara kumi. Mpaka nikaanza kukupigia mguu chini, moja mbili, moja mbili, na wewe ukaacha kusikiliza simu ukafuata mguu wangu. Tulifika mwisho. Ulikuwa na jasho kwenye pua.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, na nakuuliza kwa barua kwa sababu uso kwa uso nilishindwa. Siku ya mwisho, tulipomaliza kucheza, uliinamisha kichwa ukawa unaitazama simu. Bega lako lilikuwa limegusa langu. Nikahisi unaongea. Si neno moja, uliongea kwa muda mrefu, bega lilikuwa linatetemeka kidogo kila neno. Daftari la kuniandikia lilikuwa hapo mapajani mwako, hukuligusa. Sikukuzuia. Niliogopa nikikushika utaacha, na nilitaka uendelee, maana ilikuwa karibu sana na kusikia.

Niandikie ulichosema.

Pacha wako,
Ng'washi

*

Nyumba ya Masista, Ufipa
6 Oktoba 2024

Pacha,

Nilifika salama, asante. Sista Emerensiana nilimpa salamu zako akacheka. Nisalimie mayu, mwambie maziwa tunapewa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kukudanganya. Nilitunga uongo mzuri tu, kwamba nilikuwa nasali rozari. Nimeshindwa.

Mwezi wa tano, uliponyamaza, nilikukasirikia. Nilikuwa nimechoka. Nikipiga magoti nakusikia wewe, nikilala nakusikia wewe, unavyohesabu kwa Kisukuma kabla wimbo haujaanza. Wenzangu walikuwa wanatulia na wito wao na mimi nimegawanyika katikati. Basi kwenye novena ya kabla ya Pentekoste, siku zote tisa, nilimwomba Mungu jambo moja. Nilimwomba aiondoe sauti yako masikioni mwangu ili nikae kwa amani.

Barua yako ilipofika nilichukua kalenda. Novena ilianza Ijumaa. Wewe ulianguka Jumatatu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nakwambia pale kwenye benchi. Niliinamisha kichwa makusudi ili usisome midomo yangu. Nilitaka niwe nimekwambia, na wewe usiwe umejua. Hata kwa padre nimeungama, akaniambia Mungu hafanyi kazi hivyo, na mimi naamini, kisha nikiamka naamka nayo tena.

Usiponijibu nitaelewa.

Specioza

*

Shanwe, Mpanda
20 Oktoba 2024

Specioza,

Salamu. Hapa ni wazima.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilikasirika, nisikufiche. Nilishona suruali ya mtu miguu miwili upande mmoja. Siku ya pili nilikwenda Kasokola nikakaa na mayu akikamua. Siku ya tatu niliisoma tena polepole, na nimeona kitu ambacho wewe na padre wako hamkukiona.

Ulimwomba kuhusu masikio yako. Yangu hukuyataja. Kama alikuwa anasikiliza, aliombwa aondoe sauti yangu kwako, na hilo hakufanya, maana umeniandikia kwamba bado unaamka nayo. Basi alikukatalia. Ya kwangu ni homa, na homa haikuuliza mtu.

Nilichokwazika nacho ni kingine. Hata mimi Machi yote nilikuwa nakusikia ukiguna pembeni, na sikuomba uondoke. Nilikuwa nakusogezea nafasi kwenye benchi.

Likizo ya Krismasi njoo. Safari hii, ukitaka kusema, geuka unitazame.

Pacha wako,
Ng'washi