Ngoro Imezikataa

Mapera, Mbinga

Mdogo wangu Erasmo,

Hatujambo, na kahawa imechanua mpaka kilima kimekuwa cheupe.

Zile simu mbovu za duka lako, ulizomtumia shemeji yako azifukie shambani kwa kuwa eti ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia kilimani, huozesha kila kitu, nimezifukua mwenyewe. Betri zimevimba, na maharage ya juu yake yamekauka.

Bibi alifukia majani kwenye mashimo yale, yakawa udongo mweusi uliotulisha wewe na mimi. Mpaka leo wageni wanapanda huku kuyapiga picha, tena kwa simu!

Nimezifunga kwenye kiroba; kesho zinapanda basi la Dar. Zipokee stendi. Wewe njoo Krismasi, udongo wa Bibi unakujua. Simu zako umezikataa.

Dada yako asiyekuogopa,
Hedwiga