Ndizi za Pombe Mezani kwa Washenga

Mama yangu uliyelala kibanjani, katikati ya migomba yetu,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini nitaendelea hivyo hivyo, maana leo nimekuja kubishana nawe.

Unaikumbuka siku ya washenga. Ulinituma nikakate mkungu wa kupika, nami nikaenda huku natunga wimbo wa mavuno. Ubeti wa tatu ulikuwa umegoma kukaa sawa. Nikakata embiire, ndizi chungu za pombe, nikazimenya na kuzipika na maharage, mawazo yangu yote yakiwa kwenye ule ubeti. Mimi, mzaliwa wa Ihembe, niliyejua migomba kabla sijajua kusoma. Mshenga mkubwa alitafuna, uso ukamkunjamana, akauliza kwa upole, "Mama, ndizi hizi mmezitoa wapi?" Ukamjibu, "Zimetoka kichwani mwa binti yangu."

Jioni ile ulichukua daftari langu la nyimbo ukalifungia sandukuni. "Mwanamke mwenye mawazo mawili hulisha watu uchungu," ulisema. Baba Neema alinioa hivyo hivyo. Mpaka leo anadai alinioa kwa huruma, nisije nikaua watu wa ukoo mwingine. Simlalamikii, ni mume mwema.

Halafu ukaugua. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Hizo nyimbo utaziacha? Watoto wako wale vizuri." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa unaumwa, mama, si kwa sababu ulikuwa sahihi.

Ahadi niliishika miaka minne. Nilitandaza nyasi kwenye migomba, nikachuma kahawa, nikanyamaza. Ndizi zangu zilikuwa tamu na mimi nikawa mchungu. Neema mwanangu ndiye aliyeniuliza kwa nini nikimenya ndizi midomo yangu inacheza bila sauti. Nikaenda kufungua sanduku.

Daftari ulikuwa umelifunga kwenye kitenge chako cha Jumapili. Mama, mtu hafungi takataka kwenye kitenge cha Jumapili. Nililia, kisha nikakasirika, kwa sababu ungeweza kuniambia ungali hai.

Sasa kwaya ya kanisani inaimba nyimbo zangu tatu, na kila mtu ana neno. Kina mama wenzangu wanasema mwenye watoto watatu awaachie vijana mambo ya kutunga. Bwana mmoja wa Bukoba anayerekodi nyimbo naye kaniambia nihamie mjini, eti huku naoza. Nikamuuliza kama amewahi kuona kitu kikioza huku kinaota machipukizi. Wote hao wanataka nikate nusu yangu niitupe. Sikati. Naupenda uvuguvugu wa jiko langu, naipenda kahawa ya kutafuna tunayogawana na jirani tukipiga umbea, na migomba hii siiachi. Nyimbo pia siziachi. Kuridhika na nilichonacho hakujanifunga mdomo, na anayeona nimebaki hapa kwa sababu nimeshindwa aje tulime wote wiki moja, halafu jioni atunge ubeti.

Kwa hiyo ahadi niliyokupa naivunja, tena mchana kweupe, nimekaa kando ya kaburi lako na daftari liko magotini. Ukikasirika, kasirika. Ubishi huu nimeurithi kwako, baba alikuwa mtu mpole. Ninakukumbuka sana, na bado nakukatalia.

Leo nina wageni. Wanakwaya wanakuja kujifunza ule wimbo wa mavuno, maana ubeti wa tatu hatimaye umekaa. Asubuhi nimeingia kibanjani kukata mkungu wa kuwapikia, nikaimba kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Ila kabla sijainua panga, mama, niliangalia kwanza ni mgomba gani.

Pumzika. Wakianza kuimba utasikia, si mbali.

Binti yako,
yule aliyewapikia washenga embiire